Kwenda Njombe na wazee: barabara hii walichorewa akina nani?

Sisi tuliokulia Dar tunaijua barabara ya Njombe kama njia ya Krismasi au ya msiba. Unapanda basi alfajiri, unasinzia Chalinze, unaamka Mikumi kutazama tembo, unanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, unashikilia kiti kwenye kona za Kitonga, na jioni unashuka Makambako huku meno yanagongana kwa baridi. Zaidi ya kilomita 650 zimepita na hujauliza swali hata moja. Leo nataka tuulize pamoja, ndugu msomaji: njia hii ilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Swali hili nimelipata kwa wazazi wangu. Juni iliyopita nilikuwa nawarudisha Njombe, na safari hii si ya kutembea bali ya kuhamia, baada ya karibu miaka 50 ya kuishi Dar. Baba anakaribia miaka 75 na magoti yake hayataki kukunjwa muda mrefu. Tulimshauri apande ndege hadi Songwe, akakataa katakata. "Njia niliyojia ndiyo nitakayorudia," akasema. Basi tukaazima gari, tukagawa safari siku mbili, tukalala Iringa. Kila baada ya saa moja na nusu tulisimama kuchimba dawa na kunyoosha miguu. Ukisafiri na wazee utajifunza kwamba mwendo wa taratibu una faida yake, maana kila mahali mnaposimama hapakosi hadithi.

Hadithi ya kwanza ilikuja karibu na Morogoro, tulipoona mkonge. Baba alinyamaza kidogo, kisha akamtaja baba yake mdogo, ambaye aliondoka Njombe akiwa kijana kwenda "kwenye mkonge" na hakurudi tena.

Sasa tuangalie historia. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajapani waliiteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia. Nchi za Washirika zikapoteza nyuzi ngumu za kutengenezea kamba zilizotoka huko, zikageukia mkonge wa Tanganyika. Mashamba yakahitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua kutoka wilaya za mbali, na Njombe ikawa moja ya sehemu zilizotoa vijana wengi. Walipakiwa kwenye malori, wakaandikwa kwa namba, na ndipo likazaliwa neno manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza kazi yako haikuandikwa.

Kodi ilidai fedha taslimu, na nyumbani njia za kuzipata zilikuwa chache. Hata Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, ambayo leo tunaijua kama TANWAT, ilianza Njombe mwaka 1949, tena ikiwa mali ya shirika la serikali ya kikoloni ya Uingereza. Kijana wa Kibena alikuwa na machaguo mawili: kulima nyumbani na kukosa kodi, au kupanda lori. Wengi walirudi na blanketi na baiskeli. Wengine walilowea huko Tanga na Morogoro. Yule babu yetu ni mmoja wao. Baba anakumbuka neno moja tu, Korogwe. Kaburi hatulijui.

Siku ya pili, baada ya kuipita misonobari ya Sao Hill, tukaingia Makambako. Baba akaomba tusimame karibu na reli. Hapo ikaanza hadithi ya pili, na hii ni yake mwenyewe.

Novemba 11, 1965, Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia. Zambia ilikuwa ikisafirisha shaba yake na kuingiza mafuta kupitia huko, na ghafla ikabanwa. Mafuta yakaanza kubebwa kwa malori kutoka Dar kwenye barabara ya vumbi na tope, na madereva wakaiita njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA, la kilomita 1,710 hadi Ndola, likakamilika mwaka 1968. Lakini Nyerere na Kaunda walitaka pia reli. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha sema mwaka 1964 kwamba reli hiyo haitalipa. Wachina wakakubali mwaka 1967, wakatoa mkopo usio na riba. Wamarekani nao wakasaidia kujenga barabara kuu ya lami. Hiyo ndiyo Vita Baridi, wadau! Na kama hujui, mahali ambapo reli ya Wachina iliyopanda kutoka bonde la Kilombero inakutana na barabara hiyo ni Makambako. Kutoka hapo zinafuatana kuelekea Mbeya na Tunduma.

Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1970, na ikakabidhiwa mwaka 1976 ikiwa na urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichotoa jasho kuliko vyote, kwa sababu ni mlima, madaraja na mahandaki. Baba alikuwa huko, kijana wa miaka 21, akimwaga zege. Anasema kilichomshangaza ni kuona fundi wa Kichina akibeba mfuko wa saruji mwenyewe, maana hadithi za mkonge alizozisikia zilikuwa za msimamizi aliyesimama kivulini. Wachina wengine hawakurudi kwao. Makaburi yao yako Gongo la Mboto hadi leo, na yana majina.

Mama, ambaye alikuwa kimya nyuma, akadakia: "Na mimi je? Mwaka 1978 nilipanda treni hapahapa na dada yako mgongoni, namfuata huyu baba yako bandarini. Sikujua kama ningerudi." Kisha akapita mama muuza mahindi ya kuchoma. Mama akamsalimu, "Kamwene," na mazungumzo yao yakahamia kwenye Kibena ambacho mimi nakishika nusu tu.

Tukakata kushoto kwenye barabara ya Songea. Hii nayo ilipata lami miaka ya 1980 kwa msaada wa Waingereza. Njombe ni kama kilomita 60 mbele, na njia nzima tulipishana na malori ya mbao, viazi na maparachichi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Hakuna aliyeichora njia hii akiwafikiria watu wa Njombe. Lori la manamba liliitwa na vita ya Pasifiki, na reli na lami viliitwa na shaba ya Zambia. Lakini watu wa Njombe ndio waliozipanda, na ni wao waliofanya njia ya kuchukulia vibarua iwe pia njia ya kurudia nyumbani. Sehemu hiyo ya historia haimo kwenye ripoti za wafadhili. Imo vichwani mwa watu wenye umri wa Baba, na kila mwaka tunawazika wachache.

Kama una mzee wa kumsafirisha, msafirishe mchana na umkalishe dirishani. Usiwashe redio, ukiona reli au mkonge muulize. Mimi nimeandika jina la yule babu kwenye daftari, pamoja na neno Korogwe. Magoti ya Baba yakiruhusu, kabla ya mvua tutakwenda Korogwe kumtafuta.