Anwani Fupi na Anwani Zilizohama

Seva ya kwanza ya wavuti, aliyoiwasha Tim Berners-Lee mwishoni mwa 1990 katika maabara ya CERN karibu na Geneva, ilijua agizo moja tu: GET, likifuatwa na jina la ukurasa. Ilitoa ukurasa, ikakata mawasiliano. Namba za majibu hazikuwapo, wala namna ya kukiambia kivinjari kwamba kinachotafutwa kimehamia kwingine.

Viungo vifupi, vile visivyotaja seva bali faili peke yake, vilikuwapo tangu kurasa hizo za awali. Asili yake ni mfumo wa Unix, ambao kwake nukta mbili (..) humaanisha folda ya juu. Kanuni zake kamili zilichelewa hadi Juni 1995, Roy Fielding alipoziandika katika waraka RFC 1808. Kivinjari huchukua anwani ya ukurasa unaosomwa, hufuta kila kilichofuata mkwaju wa mwisho, kisha hubandika kiungo mahali hapo. Ukurasa wa /vitabu/orodha.html wenye kiungo cha bei.html humpeleka msomaji /vitabu/bei.html.

Ugumu umo katika huo mkwaju wa mwisho. Msomaji akifungua /vitabu bila mkwaju, kivinjari hudhani vitabu ni jina la faili. Hulifuta, na kwenda kutafuta /bei.html isiyokuwapo. Ndiyo sababu seva kama Apache, iliyoanza 1995, haitoi folda moja kwa moja anwani inapokosa mkwaju. Hukirudisha kwanza kivinjari kwenye /vitabu/, na safari huanza upya kwa ajili ya alama moja.

Kurudisha huko kuliwekewa maandishi katika kanuni za mawasiliano ya wavuti, HTTP/1.0, Mei 1996. Namba 301 ilimaanisha kuhama kabisa, 302 kuhama kwa muda, na anwani mpya iliandikwa katika mstari wa Location. Ili seva mbili zisirushiane msomaji bila kikomo, kivinjari kilishauriwa kisielekezwe zaidi ya mara 5. Chrome na Firefox za leo huvumilia hadi 20.

Kwenye 302 waandishi wa kanuni walishindwa na mazoea. Fomu iliyojazwa hutumwa kwa POST, na waraka ulitaka agizo hilo lisibadilishwe njiani. Vivinjari vikaligeuza GET. Pengine hilo halikuwa kosa kubwa, kwani wenye tovuti wengi walitaka hivyo hivyo: fomu ipokelewe, kisha msomaji aonyeshwe ukurasa wa kawaida. HTTP/1.1 ikatenganisha mambo: 303 kwa kugeuza, Januari 1997, na 307 kwa kutogeuza, Juni 1999. Namba 301 nayo ilikuwa na utata uleule, lakini mwenzake, 308, alisubiri hadi 2014.

Location nayo ilipita njia hiyo hiyo. Kanuni za 1996 na 1999 zilidai anwani kamili; seva nyingi zikatuma fupi, na vivinjari vikazijaza vyenyewe. Juni 2014, RFC 7231 iliruhusu rasmi kilichokuwa kikifanyika. Baada ya kuelekezwa, viungo vifupi vya ukurasa huhesabiwa kutoka anwani ya mwisho, si ile aliyoiandika msomaji.

Kanuni hizi za kuelekeza zilikusanywa tena katika RFC 9110 mwaka 2022, na humo 302 bado inaruhusiwa kugeuza POST kuwa GET, kwa sababu za kihistoria.