Mashamba makubwa ya Oldeani: nani aliyagawa?

Ukitoka Endabash ukapita Karatu mjini kuelekea Oldeani, mashamba madogo ya mahindi yanakwisha na mashamba makubwa ya kahawa yanaanza. Je, ardhi ile iligawiwa na nani? Tunaieleza historia hiyo kwa ufupi.

Mwaka 1895 serikali ya Ujerumani ilitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Kwa amri hiyo, malisho ambayo wafugaji wameyahama kwa msimu yangeweza kuhesabiwa hayana mwenyewe. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ndugu wawili Wajerumani wa ukoo wa Siedentopf walikuwa wakifuga na kulima ndani ya Kreta ya Ngorongoro.

Wajerumani waliposhindwa vita, Waingereza walitwaa mali zao. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliweka ardhi chini ya Gavana, naye aliweza kuitoa kwa hadi miaka 99. Kuanzia 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na baadhi yao wakaja Oldeani kupanda kahawa. Vita vilipozuka tena 1939, mashamba yao yakachukuliwa kama mali ya adui, kisha yakapewa wengine.

Baada ya uhuru, sheria ya 1963 ilifuta umiliki wa ardhi usio na kikomo, uliobaki tangu enzi za Wajerumani, ikaugeuza kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99. Kila mara utawala ulipobadilika, aliyeamua ardhi iende kwa nani ni serikali, na alichotazama ni karatasi.

Kwa nini jambo hili litushughulishe leo? Kwa sababu Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inampa mwanakijiji karatasi yake: hati ya hakimiliki ya kimila. Kisheria, haki hiyo ina hadhi sawa na hati ya mwekezaji. Hati hutolewa na halmashauri ya kijiji, lakini halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji.

Kwa hiyo ndugu msikilizaji, mkutano wa kijiji ukiitishwa kuhusu ardhi, usikose. Uliza mpaka unapita wapi, na hakikisha muhtasari umeandikwa. Babu zetu walizijua mbuga hizi kwa miguu, lakini waliogawa ardhi walisoma karatasi tu.