Maumivu Sugu: Istilahi Inayowakatisha Wagonjwa Tamaa

Maumivu yaliyodumu, au yanayoondoka na kurudi, kwa zaidi ya miezi 3 huitwa kwa Kiswahili cha hospitali maumivu sugu. Ndivyo yanavyotajwa redioni, kwenye vipeperushi vya afya na mezani kwa daktari. Muda huo wa miezi 3 una sababu: kwa kawaida ndani yake kidonda huwa kimefunga, mfupa umeunga na msuli uliochanika umeshikana. Maumivu yakiupita muda huo, haitoshi tena kuulizia jeraha la mwanzo peke yake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeyatengea fungu lake katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, na humo baadhi ya maumivu ya namna hii yanahesabiwa kuwa ugonjwa wenyewe.

Maana hiyo iko wazi. Kasoro iko kwenye jina, na inawaumiza watu.

Sugu kwanza ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguana na kitu. Mkulima anazo viganjani kwa sababu ya mpini wa jembe, na mwenye kusujudu sana anayo kwenye paji la uso. Kutoka hapo neno likahamia kwenye tabia. Mhalifu sugu ni yule ambaye kifungo hakimbadilishi. Mdaiwa sugu ameandikiwa barua juu ya barua na bado halipi. Katika sikio la Mswahili, basi, sugu halitaji muda. Linataja ukaidi wa kitu kilichojaribiwa kwa kila njia kikashinda.

Tiba yenyewe imelipokea neno kwa maana hiyo hiyo. Kifua kikuu sugu ni kile ambacho vimelea vyake haviuawi tena na dawa zilizozoeleka, na kila mwaka tunaonywa kuhusu usugu wa dawa unaoletwa na kumeza antibiotiki ovyo. Hapo neno limekaa mahali pake. Lakini hospitali hiyo hiyo, pengine siku hiyo hiyo, inamwambia mwenye kuumwa mgongo kwamba ana maumivu sugu, ikikusudia muda tu. Istilahi ya kimataifa inayotafsiriwa hapa inatokana na neno la Kigiriki la wakati, haina habari ya ukaidi. Mgonjwa hana namna ya kulijua hilo. Anachosikia ni kwamba maumivu yake yameishinda dawa.

Fikiria mazungumzo ya kawaida ya kliniki. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu.” Daktari kijana anaiinua picha ya eksirei kwenye mwanga, anaandika kidogo, kisha anasema: “Mama, pingili zako zimesagika. Haya ni maumivu sugu, itabidi uyazoee. Na usibebe tena kitu kizito.” Daktari hana nia mbaya, na foleni nje ni ndefu. Ila mama anaondoka akiamini kwamba ndani ya mgongo wake mifupa inasagana kama nafaka, kwamba hakuna dawa, na kwamba ndoo, mtoto na jembe sasa ni hatari kwake.

Hilo la pingili kusagika lina uhusiano na mada yetu, maana ndilo pacha wa sugu katika kuwavunja watu moyo. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za picha za uti wa mgongo zilizopigwa kwa watu wasio na maumivu yoyote. Dalili za kuchakaa kwa diski zilizo kati ya pingili zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kuchakaa huko, kwa sehemu kubwa, ni umri tu, sawa na mvi na mikunjo ya uso. Picha peke yake haiwezi kusema kwa nini huyu anaumwa na jirani yake haumwi.

Hofu inayopandwa na maneno kama haya ina kazi yake mwilini. Mwaka 2000 wanasaikolojia Johan Vlaeyen na Steven Linton walieleza kwa kina mzunguko ambao wataalamu wa maumivu wanautumia hadi leo. Anayeamini kwamba kila uchungu ni dalili ya kuharibika zaidi huanza kuukwepa mwendo. Anaacha kuinama, anaacha shamba, misuli inalegea, viungo vinakakamaa, na kazi ndogo iliyokuwa haimuumizi sasa inamuumiza. Kisha haonekani harusini, haonekani msibani, usingizi unakatika. Sonona inaingia kwa mlango huo, na sonona nayo inayaongeza maumivu. Watu husema amekata tamaa kana kwamba ni udhaifu wa moyo wake, ilhali tamaa hiyo alikatwa kidogo kidogo, na mojawapo ya makato hayo lilikuwa neno aliloambiwa na wataalamu.

Maumivu yake ni ya kweli, hilo lisitiliwe shaka hata kidogo. Mwaka 1983 Clifford Woolf, mwanasayansi aliyezaliwa Afrika Kusini, alionyesha kwa kuchunguza panya jijini London kwamba jeraha linaweza kuzifanya seli za neva za uti wa mgongo zishtuke kupita kiasi, hata taarifa ndogo kutoka kwenye ngozi ikapokelewa kama maumivu makubwa. Utafiti huo uliwapa madaktari maelezo ya mambo ambayo wagonjwa walikuwa wakiyasema bila kuaminiwa: kwamba kanga ikigusa paja linawaka moto, kwamba upepo wa feni unauma, kwamba eneo lenye maumivu limetanuka wakati kidonda kilishapona. Mgonjwa wa namna hii akiambiwa “picha haina tatizo” anajihisi ameitwa mwongo. Jibu sahihi ni kumweleza kwamba mfumo wake wa neva umekuwa mwepesi mno kushtuka, na kwamba unaweza kutulizwa.

Sasa tuseme wazi kuhusu kupona, kwa sababu hapa pia Kiswahili kinatupa msaada tusioutumia. Tuna kupona, na tuna kupata nafuu na kupata ahueni. Baadhi ya wenye maumivu ya muda mrefu hupona kabisa. Wengi hupata ahueni: maumivu yanabaki kwa kiasi, ila hayatawali tena siku. Mtu analala usiku, anafua, anampakata mjukuu, anarudi dukani kwake. Anayesubiri siku ya kuamka bila uchungu hata chembe ndipo aanze tena kuishi, anaweza kusubiri miaka.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya muda mrefu ya kiuno, tatizo ambalo kwa hesabu zake liliwapata watu milioni 619 mwaka 2020, ukijumlisha ya muda mfupi na mrefu. Mwongozo unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, tiba ya kisaikolojia inayomsaidia mtu kubadili namna anavyoyafikiria na kuyakabili maumivu, na baadhi ya dawa za kupunguza uvimbe. Haupendekezi kuvuta uti wa mgongo kwa mashine, wala dawa za jamii ya afyuni, wala mikanda ya kiuno, ile inayotundikwa kwenye maduka ya dawa na kununuliwa kwa pesa iliyokopwa.

Mazoezi yenyewe hayahitaji chumba cha vyuma. Wenye maumivu ya muda mrefu wengi wana desturi moja: siku mwili ukiwa mwepesi wanafua nguo za wiki nzima, kesho yake hawanyanyuki, siku tatu wanalala. Mtaalamu wa fiziotherapia atamwomba mtu huyo aanze na kipimo kidogo anachokimudu hata siku mbaya, tuseme kutembea dakika 10, kisha akishike kipimo hicho kila siku. Siku njema asikizidishe, siku mbaya asikiache. Baada ya wiki anaongeza dakika moja au mbili. Ndoo ya lita 20 inaanza kama kidumu cha lita 3. Neva zilizozoea kushtuka zinajifunza upya, kwa kurudiarudia, kwamba kuinama si hatari.

Kwa upande wa dawa, amitriptilini inahitaji neno la ziada. Ni dawa iliyoanza kama tiba ya sonona, na kwa kipimo kidogo inatumika pia kutuliza maumivu ya neva, yale ya kuchoma, ya kuwaka moto, ya ganzi na ya shoti. Wengi wakigundua ilikotoka wanaitupa, wakidhani daktari amewaona vichaa. Ukipewa, uliza ni ya nini. Daktari naye aeleze kabla hajaulizwa.

Kuna maumivu ya mgongo ambayo hayangoji mazoezi. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukipata ganzi sehemu za siri, miguu ikiishiwa nguvu, ukipata homa au ukikonda bila sababu, au kama uliwahi kuugua saratani au kifua kikuu, nenda hospitali haraka. Na anayefika mahali pa kuwaza kwamba afadhali kufa amwambie mtu wa karibu leo hii, na asindikizwe kwa mhudumu wa afya. Wazo hilo linatibika kama maumivu yenyewe yanavyotibika.

Tuite nini, basi? Wapo wanaopendekeza maumivu ya kudumu. Sikubaliani nao, kwa kuwa ulemavu wa kudumu tunaujua sote, na kudumu kwa namna hiyo hakuna mwisho. Maumivu makali nayo hayafai kuwa jina la yale ya muda mfupi, ingawa vitabu kadhaa vimeyaita hivyo, kwa kuwa ya muda mrefu pia yanaweza kuwa makali ajabu. Nashauri jozi nyepesi ambayo kila mtu anaielewa: maumivu ya ghafla na maumivu ya muda mrefu. Najua sugu ni fupi na limezoeleka, na vichwa vya habari vinapenda ufupi. Faida hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na mgonjwa anayeacha tiba kwa sababu ameshahukumiwa na jina la ugonjwa wake.

Nawaomba wahariri wa kamusi, wafasiri wa miongozo ya afya, watangazaji na walimu wa vyuo vya uuguzi: sugu tuliachie vimelea vinavyozishinda dawa. Na wewe uliyeambiwa una maumivu sugu, rudi kwa daktari wako umwulize alikusudia nini. Kama alikusudia muda tu, mwombe akupeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia.