Mkaja na Mshipi wa Kauri

Kabla ya tabibu Howard Kelly wa Baltimore kuarifu, mwaka 1899, jinsi alivyokata mafuta na ngozi iliyolegea tumboni, wanawake wa Kipsigis, nchini Kenya, walikuwa na leketyet, mshipi wa ngozi wa kufunga tumboni, uliopangwa kauri safu kwa safu. Na kauri hizo, jambo linalonitia furaha, asili yake ni pwani, ambako mzazi alikazwa mkaja tumboni na mkunga, akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga hadi arobaini itimie.

Leo anayekusudia upasuaji huo wa tumbo huamriwa kwanza kuacha tumbaku, kwa kuwa moshi huchelewesha jeraha kupona. Akishapasuliwa, hufungwa mshipi wa mpira majuma kadhaa, akitembea ameinama, mkono tumboni, mshono usivutike.