Kikosi cha Bunge kilichofungia wabunge nje

Uzi mfupi. Kila mjadala wa jeshi na siasa ukianza huku, lazima mtu aseme: "Jeshi likiwa chini ya Bunge, hakuna shida." Sawa. Twende Uingereza, miaka ya 1640, tufuate kikosi kimoja tu cha askari wa miguu.

Mwaka 1645 Bunge lilikuwa vitani na Mfalme Charles I, likaunda jeshi jipya, New Model Army. Askari wa miguu aliahidiwa peni 8 kwa siku. Kikosi kimoja kilikuwa cha Kanali Edward Harley, lakini pale Naseby, 14 Juni 1645, Harley hakuwepo. Aliyekiongoza ni naibu wake, Thomas Pride. Walipangwa nyuma, kama akiba. Mstari wa mbele wa Bunge uliposukumwa, hawa wa akiba walisaidia kuzuia, na mfalme akapoteza karibu askari wake wote wa miguu.

Vita ikaisha 1646. Sasa lipa watu basi. Wapi! Bunge likataka kuvunja sehemu kubwa ya jeshi na wengine wapelekwe Ireland, huku askari wa miguu wakidai mshahara wa wiki 18 hivi. Machi 1647 wakaandika ombi: malimbikizo yetu, kinga tusishtakiwe kwa tuliyofanya vitani, msaada kwa wajane na waliolemaa. Si mapinduzi hayo. Mwalimu yeyote wa Kenya anayajua madai ya aina hiyo.

Harley, ambaye sasa alikuwa mbunge, akaleta Bungeni barua iliyodai kwamba Pride anawashinikiza askari wa kikosi hicho watie sahihi. Pride akaitwa kujieleza, akakana. Wabunge wakatangaza kwamba atakayeendelea na ombi hilo ni adui wa nchi. Hebu fikiria: umepigana kulitetea Bunge, halafu Bunge lilo hilo linakuita adui kwa kudai chako. Kwangu mimi mambo yaliharibikia hapa, si 1648.

Harley akatoka, Pride akawa kanali. Tarehe 5 Desemba 1648 wabunge wakapiga kura, 129 kwa 83, waendelee kuzungumza na mfalme. Kesho yake asubuhi walimkuta Pride mlangoni ameshika orodha ya majina, askari wake wamejaa kwenye ngazi. Kwa vile hakuwajua wote kwa sura, kulikuwa na mbunge mwenzao kando akimwonyesha nani ni nani. (Ndiyo, mwenzao.) Karibu 45 walikamatwa, wengine wengi wakarudishwa. Usiku ule wafungwa walilazwa kwenye mkahawa ulioitwa Jehanamu, na jina hilo sijalitunga.

Harley alikuwa kati ya waliokamatwa. Na waliomkamata ni kikosi chake cha zamani.

Waliobaki ndani waliunda mahakama iliyomhukumu mfalme. Alikatwa kichwa 30 Januari 1649, na sahihi ya Pride iko kwenye hati. Wabunge hao walikaa hadi Aprili 1653, Cromwell alipoingia na askari akawafukuza nao pia.