Friji ya Utambi, Betri ya Pili: Historia ya Ubaridi Barabarani

Anayetoka Kariakoo kwenda Mikumi, Iringa au Tunduma hushika Barabara ya Morogoro, na barabara hiyo inakata katikati ya Manzese. Kabla hajafika Ubungo ameshapita maduka ya vipuri, wauza matairi, wachaji betri na mafundi umeme wa magari. Mafundi hao ndio warithi wa swali lililowasumbua wasafiri wa Afrika Mashariki kwa karibu karne nzima: friji iliyo ndani ya gari itakula umeme gani injini ikizimwa?

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko nguzo za umeme za mtaa wenyewe. Wajerumani walileta umeme Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na makazi yao. Manzese ilikuja baadaye, ikajijenga yenyewe bila kupimiwa viwanja, na mpango wa kuboresha makazi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia miaka ya 1970 uliikuta tayari imejaa watu. Ukitoka nje ya mji giza lilikuwa kubwa zaidi. Huko, aliyetaka baridi aliwasha moto.

Maarifa hayo yalitoka Sweden. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji isiyo na mota wala kifaa chochote kinachozunguka. Mwali mdogo hupasha moto mchanganyiko wa amonia na maji. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa na kuwa kimiminika, kisha hugeuka tena mvuke ndani ya mabomba ya friji, na katika kugeuka huko hufyonza joto la vyakula. Kampuni ya Electrolux iliununua ubunifu huo mwaka 1925. Friji za mafuta ya taa zikasambaa katika hospitali za misheni, nyumba za mabwana shamba na kambi za wawindaji, mahali ambapo waya wa umeme ungechukua miongo kadhaa kufika.

Zilitaka uangalizi wa karibu. Utambi ulipaswa kukatwa sawasawa, la sivyo moto ulitoa moshi na baridi ikapungua. Mafuta hayakutakiwa kuisha usiku. Jambo kubwa kuliko yote, friji ilipaswa kusimama wima mahali tambarare, kwa sababu kimiminika hutiririka kwa uzito wake tu. Ikiinama sana, mzunguko husimama. Magari ya kupigia kambi yaliporithi mfumo huohuo, yakitumia gesi ya mtungi badala ya mafuta ya taa, yalirithi na udhaifu huo. Nyingi ya friji hizo huweza pia kutumia umeme wa betri ya gari, lakini hula takriban ampea 10 bila kupumzika. Gari likilala limezimwa, kufika alfajiri betri ya ampea-saa 100 imekwisha kabisa.

Malori yalipata njia yake mapema. Mwaka 1938 Frederick McKinley Jones, fundi Mmarekani mweusi aliyejifundisha mengi mwenyewe, alibuni mtambo wa kupoza uliofungwa kwenye lori na kuendeshwa na injini ya mtambo wenyewe, si ya lori, na kutokana na kazi yake ikazaliwa kampuni ya Thermo King. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia iligeukia bandari ya Dar es Salaam, na njia ya kwenda kusini ikawa uti wa mgongo wa uchukuzi. Makontena ya baridi yanayopita Manzese hadi leo hufuata kanuni ya Jones: mtambo wa baridi una chanzo chake cha nguvu, hautegemei injini ya gari.

Hata hivyo, waliolichunguza swali hili kwa makini kuliko wote ni watu wa chanjo. Tanzania ilianza mpango wake wa chanjo mwaka 1975, na chanjo nyingi hutaka nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye mkono wa mtoto. Kwa miaka mingi shehena zilianzia Bohari ya Dawa, Keko, wilayani Temeke, zikaenda mikoani kwa magari na kumalizia safari katika visanduku vya barafu. Huko zahanati, friji za utambi zilishindwa kushika joto moja. Friji za sola zikaja miaka ya 1980, lakini betri zake zilikufa baada ya miaka michache. Suluhisho lililofuata linastahili sifa kubwa: sola iendeshe kompresa moja kwa moja mchana na kugandisha barafu, na barafu hiyo ndiyo ishike zamu ya usiku.

Mtihani mkali kuliko wote ulikuwa mashariki ya Kongo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 ulihitaji chanjo itunzwe kwenye nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Katika maeneo ya Beni na Butembo ilisafirishwa ndani ya vyombo maalumu vinavyohifadhi baridi kwa siku kadhaa bila umeme, kwenye magari na pikipiki, penye matope na milio ya risasi. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kabla mlipuko haujatangazwa kwisha Juni 2020.

Friji za kompresa za volti 12 zinazofungwa kwenye magari ya safari leo zina nafuu kubwa. Hula ampea 3 hadi 5 zinapofanya kazi, kisha hupumzika. Kwa joto la pwani, friji ya lita 40 huweza kumaliza ampea-saa 30 hadi 45 kwa siku. Fundi makini hufunga betri ya pili, rilei ya kuitenga na betri ya kuwashia gari, fyuzi karibu na betri na waya mnene, maana waya mwembamba hupoteza volti na friji hujizima ingawa betri imejaa. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri hurudisha sehemu kubwa ya kilicholiwa.

Historia hii inapotea taratibu. Friji za utambi zinauzwa kama chuma chakavu, na wazee waliozihudumia wanapungua. Makumbusho ya Taifa, hospitali za misheni na familia zenye friji hizo wazihifadhi, hata kama ni chache, pamoja na maelezo ya waliozitumia. Mafundi wa Manzese nao wahojiwe wangali kazini.