Waraka wa Jani

Wajuao Kiarabu hukumbuka ya kuwa neno letu "waraka" asili yake ni jani, maana kwa Waarabu jani la mti na ukurasa wa kuandikia hutajwa kwa neno moja. Wafaransa nao husema vivyo hivyo, "feuille". Tulidhani hayo ni mambo ya kamusi tu, mpaka tulipopata habari za askari wa Ufaransa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918.

Askari hao walikaa miezi na miezi katika mahandaki, na siku nyingi zilikuwa za kungoja tu. Katika kungoja huko mikono ilitafuta kazi. Wengine walitwaa alumini ya vichwa vya makombora ya Wajerumani, wakaiyeyusha, wakawafulia wake zao pete. Waingereza walinunua kadi za hariri zilizotariziwa na wanawake wa Ufaransa. Nzuri mno kwa macho, lakini mkono wa mpelekaji haumo.

Lililotushangaza ni jani. Askari alichuma jani la mwaloni, akaligongagonga taratibu kwa burashi ngumu, au akalidonoa kwa sindano, hata nyama yake ikatoka na mishipa ikabaki kama wavu. Mahali pa herufi hakupagusa. Basi jina la mke, au neno moja la ukumbusho, likasimama zima katikati ya wavu ule. Sisi huandika kwa kuongeza wino. Yeye aliandika kwa kupunguza. Mkono ukizidi kidogo, mshipa umekatika, naye hana budi kutafuta jani jingine. Tena jani halina uzito: liliingia katika bahasha, na barua za askari zilichukuliwa na posta bila malipo.

Wakaguzi wa jeshi walifungua barua nyingi, na mtu hakuwa na ruhusa ya kutaja mahali alipo. Katika mapigano ya Verdun, mwaka 1916, misitu mizima ilisagwa na mizinga. Kwa mke aliyengoja, jani lililochumwa likiwa bichi lilikuwa habari tosha: siku ile mumewe alikuwa hai, na mkono wake ulikuwa umetulia.

Askari wa Ufaransa karibu 1,400,000 hawakurudi. Majani mengine yamehifadhiwa hata leo. Rangi imekuwa ya kahawia, kingo zimevunjika, na jina lingali lasomeka.